Msituite Mafarisayo kabla hamjawajua Mafarisayo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Najua nitazidisha maneno. Mkilazimika kukata, kateni huku mwanzoni kwenye salamu. Mwishoni nina tangazo, lile liacheni.

Wiki mbili zilizopita mwandishi wenu wa safu ya Jumapili aliandika juu ya michango makanisani. Mengi nilikubaliana nayo, nikawa naitikia peke yangu jikoni kana kwamba niko ibadani. Ila alipowafikia waumini wanaotaka wasomewe mapato na matumizi kila robo mwaka, akawabandika jina la lile kundi la Wayahudi washika sheria wa enzi za Yesu: "Mafarisayo wa leo", watu wa kuhesabu senti ilhali mioyo imekauka. Nikalaza gazeti mezani. Chai ikapoa. Hao anaowasema ndio mimi.

Nina miaka 68. Nimefundisha shule za msingi hapa Machame na Masama miaka 35, na nilipostaafu nikawekwa kuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi katika usharika ambao sitautaja. Kwetu fedha ya kanisa huja kwa njia nyingi: bahasha za ahadi zenye namba, sadaka ya kikapuni, na ule mnada wa baada ya ibada, ambapo mkungu wa ndizi, kuku na chupa ya maziwa hunadiwa pale uwanjani mpaka yai moja linakwenda kwa bei ya trei nzima. Fedha ya namna hiyo naiogopa. Yai lile pengine limetolewa na bibi asiye na yai la pili.

Mwaka fulani tulilipia saruji mifuko 40. Nikaenda stoo na mjukuu wangu wa darasa la tano, yeye akihesabu, mimi nikiandika. Ikawa 31. Tukahesabu tena kuanzia upande wa pili: 31. Kwenye kikao nikaomba risiti na hati ya kupokelea mzigo. Mwenyekiti hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, akasema, "Mama Mwalimu, hapa tunajenga nyumba ya Mungu. Usituletee ufarisayo." Kikao kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, hiyo ndiyo aibu yangu. Ile mifuko 9 haijaonekana mpaka leo, na ukumbi wenyewe una ufa unaoingia kidole.

Nilicheka kwa sababu sikuwa na jibu. Neno lile nililijua vizuri mno. Mimi mwenyewe nimelifundisha. Miaka zaidi ya 20 nimekuwa na watoto wa Shule ya Jumapili, na kila mwaka tuliigiza mfano wa Yesu wa Farisayo na mtoza ushuru walivyokwenda hekaluni kusali: Farisayo anamshukuru Mungu kwamba hayuko kama watu wengine, mtoza ushuru anaomba rehema tu, na huyo ndiye anayekubaliwa. Mtoza ushuru alikuwa rahisi: mtoto mnyonge, shati lililochanika, anapiga kifua. Farisayo ndiye aliyekuwa na mavazi. Ndevu za pamba zilizobandikwa kwa gundi ya ugali, tumbo la mto wa kulalia, kilemba cha taulo, na kanzu. Kanzu tuliazima kwa jirani yetu Mwislamu mwenye duka pale njia panda. Alitupa kila mwaka bila kuuliza ya nini, imepigwa pasi na inanukia udi.

Mwaka mmoja nikamkaribisha aje kutazama. Akaja na mjukuu wake wa kike, akaketi benchi la mbele kama mgeni wa heshima. Farisayo alipotokea na tumbo lake, watoto wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko nikasikia sauti ndogo: "Babu, mbona yule mbaya amevaa kanzu yako?" Mzee akamshika kichwa, akamwambia, "Ni maigizo tu, mama." Mwaka uliofuata nilipokwenda kuazima, akanipa tena, imepigwa pasi vilevile. Sikujua macho yangu niyapeleke wapi. Lakini niliichukua.

Sasa nije kwenye kitabu, maana barua hii kwa kweli ni ya kitabu. Dada yangu aliolewa Kibosho na akafuata dini ya mumewe, ndiyo sababu mimi Mlutheri nina mpwa padri. (Enzi za Mangi Sina wa Kibosho, Machame na Kibosho walikuwa wanachomeana nyumba, leo tunaazimana vitabu.) Mpwa wangu yuko Roma kwa masomo ya Maandiko. Alipokuja likizo nikamsimulia habari ya saruji na neno nililotukanwa nalo. Hakucheka. Safari iliyofuata akanitolea kwenye begi kitabu kinene, karibu kurasa 500, jina lake The Pharisees, yaani Mafarisayo, kilichotoka mwaka 2021. Akasema, "Mama mdogo, hawa hapa ndugu zako."

Wahariri wake ni wawili. Joseph Sievers ni Mkatoliki, aliyefundisha katika Taasisi ya Kipapa ya Biblia. Amy-Jill Levine ni mwanamke Myahudi, wa sinagogi, aliyefundisha Agano Jipya miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, na mwaka 2019 akawa Myahudi wa kwanza kufundisha Agano Jipya katika taasisi hiyohiyo ya Roma. Yaani mapadri wameketi madawatini, mama wa Kiyahudi anawafafanulia Injili. Nilipolisoma hilo nilimpigia simu dada yangu. Mei mwaka huohuo uliitishwa mkutano Roma wa wataalamu Wayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti, agenda ni Mafarisayo tu, na kitabu kikazaliwa humo. Hotuba aliyowaandalia Papa Fransisko imo: anakiri kwamba katika lugha nyingi neno Farisayo limekuwa sawa na mnafiki anayejiona mwema, na anakumbusha kwamba kwa Wayahudi wengi hao ndio mababu wa imani yao, waanzilishi wa Uyahudi wa marabi, yaani walimu wa sheria yao.

Nimekisoma miezi 4, jioni baada ya kukamua, kamusi pembeni. Sitajidai nimekimaliza sawasawa. Kuna sura zenye Kigiriki na Kiebrania nilizozipita kama mtu anavyopita msiba asioujua: kwa heshima na haraka. Na wataalamu wenyewe hawakubaliani. Hata maana ya jina bado wanaivutia kamba. Wengi husema "waliojitenga", wengine hawaridhiki. Mwanzoni hilo lilinikera, maana mwalimu wa msingi anapenda jibu moja ubaoni. Baadaye nikaona afadhali hivyo. Kumbe hao watu niliowavisha tumbo la mto, nikidhani nawajua kutoka kichwani hadi miguuni, wasomi waliobobea hawawajui kiasi hicho.

Kinachojulikana chatosha kunitoa jasho. Mwanahistoria Myahudi Yosefo, aliyeandika karne ileile ya kwanza, anasema Mafarisayo zaidi ya 6,000 walikataa kula kiapo cha utii kwa Kaisari na kwa serikali ya Herode. Anasema walipendwa na watu wa kawaida, na kwamba katika kutoa adhabu walikuwa wapole kuliko wenzao. Waliamini ufufuo wa wafu, jambo ambalo Masadukayo, wale wa tabaka la makuhani wakuu, walilikana. Kwa hiyo mkristo anayesimama makaburini kwetu akitangaza ufufuo, katika hilo yuko upande wa Mafarisayo. Nimezika mume na kaka wawili nisijue hilo.

Halafu nikachukua Biblia yangu ya Union, ile ya 1952, nikafuatilia mstari kwa mstari kwa kalamu ya risasi. Luka 7, Luka 11, Luka 14: mara tatu Yesu anakula chakula nyumbani kwa Farisayo. Mtu haalikwi mara tatu na adui yake. Luka 13, Mafarisayo wanakuja kumtahadharisha aondoke, kwa kuwa Herode anataka kumwua. Katika Matendo, anayewazuia wakubwa wasiwaue mitume ni Gamalieli, Farisayo. Na Paulo, miaka mingi baada ya kumgeukia Yesu katika njia ya Dameski, anasimama barazani na kusema "mimi ni Farisayo". Hasemi nilikuwa. Mwalimu wa Kiswahili kama mimi nilipaswa kukiona kiambishi hicho zamani.

Mabalasi sita ya mawe, ile mitungi mikubwa ya maji kule arusini Kana ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai, ndiyo yaliyonipendeza kuliko yote. Tumezoea kuyarukia haraka tufike kwenye divai. Yohana anasema yaliwekwa "kwa desturi ya Wayahudi ya kutawadha". Kwa nini ya mawe na si ya udongo? Kwa sababu katika sheria yao chombo cha udongo kikinajisika huvunjwa, ila chombo cha jiwe hakishiki unajisi. Waakiolojia wamechimbua vyombo vya mawe ya chokaa mahali pengi, Yudea na Galilaya, na mwaka 2017 walitangaza kwamba wamepata karakana ya kuvichonga huko Reina, jirani na Nazareti, pamoja na vipande na masalio ya kazi. Ina maana usafi huu haukuwa ukorofi wa wazee wachache wenye roho mbaya. Ulikuwa desturi ya nyumbani, ya akina mama wenye kuteka maji na kupanga vyombo. Baadhi ya wataalamu husema Mafarisayo walitaka utakatifu wa kuhani hekaluni ufike kwenye meza ya mkulima. Wengine wanalipinga wazo hilo au kulipunguza makali. Mimi limenikaa. Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, marabi walikuja kusema kwamba sasa meza ya mtu ndiyo inayomfanyia upatanisho kama madhabahu. Ukiwa umekulia nyumba ambayo mama hakuruhusu mtu kugusa chakula kabla ya maji ya kunawa na sala, hilo huhitaji kutafsiriwa.

Neno lile la kutawadha liliko ndani ya Biblia yetu, mnaona wenyewe limetoka mdomoni mwa nani. Nilimsomea mwenye kanzu. Akasema, "Kumbe mnalo na ninyi."

Si kwamba kitabu kinawapaka Mafarisayo rangi nyeupe. Mathayo 23 ipo palepale na ole zake zote. Lakini Wayahudi wenyewe hawakuwa wapumbavu. Talmudi yao, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ina orodha ya Mafarisayo wa aina saba, wengi wao wa kuchekwa, akiwemo yule anayefumba macho njiani asiwaone wanawake mpaka anajigonga ukutani na kutoka damu. Kila dini inawajua wa kwake. Maneno makali ya Yesu ni ya mtu anayegombana na watu wa nyumbani kwake, na ugomvi wa ndugu ukisimuliwa na jirani hugeuka kuwa kitu kingine.

Na katika ole hizohizo nikakuta mstari wa 23, ambao ningemsomea mwenyekiti wangu siku ile kama ningekuwa na akili. Wanalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, asema Yesu, lakini wameacha mambo makuu ya sheria, yaani adili, na rehema, na imani. Hapo ndipo wahubiri wetu wanapofunga Biblia. Msifunge. Mstari unaendelea: "hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache." Msiyaache! Jira ihesabiwe. Mifuko 40 iwe 40.

Lililonichoma zaidi ni ule mfano wa hekaluni, igizo langu. Farisayo yule hufunga mara mbili kwa juma na hutoa zaka katika mapato yake yote. Mhariri, huyo ndiye mshirika ambaye kila mchungaji anamwomba Mungu ampe wengine 100. Bahasha yake haijawahi kurudi tupu. Na mtoza ushuru si yule mtoto mnyonge wa shati lililochanika. Ni mtu aliyewakamua majirani zake kwa niaba ya utawala wa Kirumi na huenda alishiba vizuri. Waliomsikiliza Yesu walishtuka kwa sababu Farisayo aliheshimika. Sisi hatushtuki, tumeshamchukia tangu pazia linafunguliwa. Levine amewahi kuandika kwamba sisi tukishausoma mfano huu tunaishia kumshukuru Mungu kwamba hatuko kama yule Farisayo. Niliposoma hapo nikavua miwani. Maana kila mwaka nilifunga igizo kwa sala na watoto, na sala yangu, naikumbuka neno kwa neno, ilikuwa: "Baba, tunakushukuru kwa kuwa umetufundisha tusiwe kama Farisayo."

Kuna sura za picha, sinema na maigizo. Moja imeandikwa na Christian Stückl, mwongozaji wa igizo la Mateso ya Yesu katika kijiji cha Oberammergau, kusini mwa Ujerumani. Wanakijiji waliweka nadhiri wakati wa tauni mwaka 1633, wakaanza kuigiza 1634, na mpaka leo huigiza kila baada ya miaka 10. Lile la 2020 lilisogezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona. Kwa muda mrefu Wayahudi jukwaani walivishwa sura ya kutisha, na Hitler alilitazama igizo hilo na kulisifu. Stückl, aliyeanza kuliongoza 1990, amehangaika kulisafisha: Yesu na wanafunzi wake waonekane Wayahudi, wasali kwa Kiebrania. Igizo letu la pamba na gundi ya ugali halimo kitabuni, bila shaka. Lakini nilijiona kwenye kila ukurasa.

Wajerumani nawataja kwa sababu ndio walioileta Injili huku. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mgeni mmoja kutoka usharika rafiki wa huko aliwahi kunieleza, tukiwa tunakunywa kahawa ya mlimani kwangu, kwamba kaskazini kwao kuna kinywaji kiitwacho Farisayo: kahawa iliyotiwa pombe ya ramu, juu imefunikwa krimu ili harufu isimfikie mchungaji. Inasimuliwa kwamba kwenye sherehe ya ubatizo mchungaji aligundua ujanja huo, akawapigia kelele, "Enyi Mafarisayo!" Jina likabaki. Tulicheka sana siku ile. Leo ningeuliza: katika hadithi hiyo Myahudi alihusikaje? Walevi ni Walutheri, mchungaji ni Mlutheri, na anayetukanwa ni babu wa watu ambao hawakuwepo.

Sisi Walutheri hatuna haki ya kulichukulia jambo hili kuwa dogo. Martin Luther, mwasisi wetu, alipogombana na Kanisa la Roma, Farisayo wa kwenye Injili alimfaa kuwa sura ya kila anayetaka kuununua wokovu kwa matendo. Na mwaka 1543, miaka 3 kabla ya kufa, aliandika kitabu kibaya juu ya Wayahudi: masinagogi yachomwe, wanyang'anywe vitabu vyao vya sala. Karne ya 20 watu wa Hitler wakakifukua wakakitumia. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa maneno hayo ya Luther katika mkutano mkuu wa Budapest mwaka 1984. Na rais wa Fungamano hadi mkutano huo alikuwa nani? Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 mkutano ulipofanyika Dar es Salaam. Jambo hilo lilikamilishwa chini ya uongozi wa Mtanzania, na mimi nililisoma kwanza nikiwa na miaka 67. Katika mafundisho ya kipaimara sikuambiwa, na nilipokuja kuwafundisha wengine sikuwaambia.

Mtu ataniuliza, Wayahudi wenyewe wako wapi hapa, unamtetea nani? Nairobi wana sinagogi tangu kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, Waafrika weusi kama mimi, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Rabi wao, Gershom Sizomu, aliwekewa mikono mwaka 2008 baada ya kusoma Marekani. Ijumaa jioni wanawasha mishumaa na kubariki mkate. Sala zao zimepitia mikono ya marabi, na nyuma ya marabi wamesimama hao tunaowatukana. Kutoka hapa hadi Mbale ni safari ya mabasi mawili matatu.

Lakini hata Mbale isingekuwepo, ningekuwa na la kujibu. Nimewafundisha watoto zaidi ya 20 kwa mwaka, kwa miaka zaidi ya 20, kwamba anayesali sana na kufuata sheria ya dini yake ni mtu wa kuchekwa, na nikamvisha kanzu.

Sentensi ya mwisho ya mwandishi wenu ilisema Wakristo wa siku hizi hawasomi. Nimefanya utafiti wangu wa miguu. Nilizunguka maduka matatu ya vitabu vya dini Moshi mjini. Kuna vitenge vya Pasaka, divai ya meza ya Bwana, mishumaa, kalenda, vitabu vya nyimbo. Rafu ya vitabu vipya ni moja, na majalada yake ni ndugu wa baba mmoja: mhubiri mwenye suti, meno yote nje, nyuma yake ndege ya abiria. Nikamwomba kijana muuzaji kitabu cha Kiswahili kinachoeleza maisha ya Wayahudi enzi za Yesu. Alitafuta kwa moyo, simlaumu, akaniletea kitabu cha unabii wa siku za mwisho chenye picha ya kifaru cha vita. Nikamshukuru, nikanunua mishumaa.

Wachungaji wetu husoma hizi elimu kwa Kiingereza vyuoni. Lakini vijijini mahubiri mengi hutolewa na mwinjilisti, mtu mwenye Biblia ya Kiswahili, kitabu cha nyimbo na baiskeli, na kitabu kama hiki hakimfikii. Mpwa wangu ananiambia kipo hata kile cha 2011, kilichoongezwa mwaka 2017: Agano Jipya zima lenye maelezo pembeni yaliyoandikwa na wataalamu Wayahudi watupu. Fikirini mwinjilisti wa Masama akiwa nacho Jumamosi usiku anapotayarisha mahubiri.

Siombi kitabu kizima kitafsiriwe. Najua karatasi zinauzwaje. Naomba sura moja, ile ya Levine ya mwisho-mwisho inayowazungumzia wahubiri, jinsi ya kumtangaza Yesu bila kuwapaka Wayahudi masizi ili yeye ang'ae. Sura moja ni kijitabu cha kutoshea mfukoni. Biblia nzima ya Kiswahili ya wamisionari wa Unguja ilichapwa mwaka 1891, enzi za taa za mafuta. Mitambo ya uchapaji ya makanisa tunayo: Vuga kule Soni, Ndanda na Peramiho kusini, Dodoma. Wakatoliki na Walutheri na Waanglikana wakichangia, kila mmoja atoe kidogo, na hesabu zisomwe. Nanyi, Mhariri, mlikuwa na safu ya vitabu kila Jumamosi, mkaiondoa mkaweka matokeo ya mpira wa Ulaya. Irudisheni hata nusu ukurasa.

Kwa mwandishi wenu sina kinyongo. Nadhani hakukusudia. Neno limo tu midomoni mwetu, kama lilivyokuwa kwangu.

Igizo la mwaka huu tulilifanya mwezi uliopita. Farisayo alikuwa msichana wangu bora, aliyevaa nguo zake za Jumapili na kushika bahasha ya ahadi. Hakuna aliyecheka alipoingia. Alipomaliza sala yake, mzee mmoja wa kanisa nyuma yangu akaitikia "Amina" kwa sauti, halafu akashtuka mwenyewe. Kanzu niliirudisha mapema, haijavaliwa. Mwenye kanzu akauliza, "Mwaka huu hamkuwa na yule mbaya?" Nikamwambia alikuwepo, ila hatukumjua mapema.

Sasa tangazo. Kitabu kipo kwangu, nimekifunika kwa gazeti lenu hilihili lisije jalada likachakaa. Mwinjilisti, mchungaji, katekista, au yeyote anayekitaka aje akiazime, wiki 3 kwa mtu, anayeshindwa Kiingereza tutasoma pamoja siku za Jumatano saa 10 jioni. Ila ataandika jina lake kwenye daftari, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha, na atasaini. Mwenyekiti wangu wa zamani naye anakaribishwa. Atasaini mara mbili.

Mwalimu mstaafu,
Machame, Kilimanjaro